Sanamu za Kirumi ndani ya picha za de Chirico: maswali yenu na majibu

Barua nyingi za mwezi huu zimezunguka picha moja. Kichwa cheupe cha mungu Apollo kimetundikwa ukutani. Pembeni yake glavu nyekundu ya mpira imepigiliwa msumari. Chini kuna mpira wa kijani, na nyuma ya ukuta treni inapita ikitoa moshi. Giorgio de Chirico aliichora mwaka 1914 akiwa Paris na ikaitwa Wimbo wa Mapenzi. Ina sentimita 73 kwa 59 tu, na leo iko Museum of Modern Art, New York. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha.

Nimeona wanaiita sanaa ya kimetafizikia. Kwa lugha ya darasani niwaeleze nini wanafunzi, na kwa nini sanamu ya kale inaingia humo? (Mwalimu wa sekondari, Nakuru)

Mwalimu, anza na vitu vyenyewe, nadharia ije baadaye. Waulize wanafunzi: Apollo mwili wake uko wapi? Glavu mkono wake uko wapi? Mpira huu ni wa mtoto gani? Kila kitu kimechorwa kikatambulika vizuri, ila kimetengwa na kazi yake na majirani zake wa kawaida. Hapo ndipo mtu anaanza kukitazama upya, na kwa wasiwasi kidogo.

De Chirico alizaliwa mwaka 1888 mjini Volos, Ugiriki, kwa wazazi Waitalia. Baba yake alikuwa mhandisi wa reli, na ndiyo maana treni hazikosekani katika picha zake. Alisoma uchoraji Munich, akaja Florence, na mwaka 1910 akachora picha iliyotokana na uwanja wa Santa Croce wakati wa alasiri ya vuli: sanamu ya mshairi Dante iliyokuwa uwanjani aliigeuza kuwa sanamu la kale lililotupa mgongo. Jina hilo la kimetafizikia lilishika baadaye, mwaka 1917, alipokutana na mchoraji mwenzake Carlo Carrà katika hospitali ya kijeshi huko Ferrara.

Sanamu la kale lilimfaa kwa sababu lina umbo la mtu lakini halina macho yanayokurudishia mtazamo. Waambie wanafunzi pia kwamba ndoto ya de Chirico haina ukungu hata chembe. Kingo zake ni kali, jua lake ni kali. Anayeanza kufifisha mambo ili yafanane na ndoto amekwisha potea njia, na tutalirudia hili kwenye swali la uchoraji.

Tumebishana kijiweni. Mwenzangu anasema Apollo yule ni wa Kigiriki, mimi nasema ni wa Kirumi. Nani kashinda? (Msomaji, Tanga)

Wewe, kwa jiwe lenyewe. Kichwa kile ni cha Apollo wa Belvedere aliyeko Vatican, marumaru iliyochongwa na Warumi katika karne ya 2 baada ya Kristo, na ina urefu wa mita 2.24. Mwenzako naye hajakosa kitu: inakubalika kwa kawaida kwamba Warumi walikuwa wananakili sanamu la shaba nyeusi la karne ya 4 kabla ya Kristo, ambalo huhusishwa na mchongaji Mgiriki Leochares. Shaba ile ilishapotea.

Ukitaka kuhakikisha kwa macho, tazama mguu wa Apollo. Umeegemezwa kwenye kisiki cha mti. Sanamu la shaba huwa tupu ndani, uzito wake ni mdogo na metali yake haikatiki kirahisi, kwa hiyo linasimama kwa vifundo viwili vya miguu bila shida. Ukilihamishia kwenye marumaru, uzito wote unakuja juu ya vifundo vilevile na jiwe linavunjika hapo. Mchongaji wa Kirumi akaongeza kisiki, na mara nyingine kijiti cha jiwe kati ya mkono na paja. Ukiona visiki na vijiti vya namna hiyo, shuku mara moja kwamba unatazama nakala ya marumaru ya kazi ya shaba.

Nakala hizo zilitengenezwaje? Mwaka 1954, huko Baia karibu na Naples, vilipatikana vipande vya plasta ambavyo Warumi walivimimina kwenye kalibu zilizochukuliwa moja kwa moja juu ya sanamu za shaba za Kigiriki. Vilikuwa vielelezo vya karakana. Mchongaji alipima kutoka kwenye plasta na kuhamishia vipimo kwenye jiwe. Kisha angalia plasta inavyorudi tena na tena. Mikono ya Apollo ilikuwa imevunjika, na mwaka 1532 mchongaji Montorsoli akamtengenezea mingine. Katika ukarabati uliokamilika mwaka 2024, Vatican ilimpa mkono wa kushoto ulionakiliwa kutoka kwenye kipande cha Baia, na nyuma yake wakamwekea nguzo ya nyuzi za kaboni kwa sababu miguu ilikuwa imeingia nyufa. Kwa karne kadhaa vyuo vya sanaa vya Ulaya vilifundisha kuchora kwa vichwa vya plasta vya Apollo huyuhuyu, na kichwa anachokitundika de Chirico kimekatwa hivyohivyo, kama kifaa cha darasani. Kwa maoni yetu, kumwambia mtu kwamba picha ile inaonyesha "sanamu ya Kigiriki" ni kumnyima nusu ya utamu. Inaonyesha plasta ya marumaru ya shaba ambayo hakuna aliye hai aliyeiona.

Na weupe usiwadanganye. Sanamu za Warumi zilipakwa rangi: nywele, midomo, macho, nguo. Sanamu la kaisari Augusto lililofukuliwa Prima Porta, karibu na Roma, mwaka 1863 lilikutwa na mabaki ya rangi. Weupe ule umeletwa na mvua, udongo na kusuguliwa.

Yule mwanamke aliyelala peke yake uwanjani, mkono kichwani, ni nani? (Msomaji, Zanzibar)

Ni Ariadne. Alikuwa binti wa mfalme wa Krete; alimpa shujaa Theseus uzi wa kumtoa ndani ya njia zenye kupotosha baada ya kumuua Minotaur, jitu lenye kichwa cha fahali. Wakakimbia pamoja, na walipofika kisiwa cha Naxos Theseus akamwacha usingizini akatweka tanga. Mungu Dionysus ndiye aliyemkuta.

Sanamu la Kirumi analolitumia de Chirico liko Vatican. Papa Julius II alilinunua mwaka 1512, na kwa muda mrefu watu walidhani ni Cleopatra kwa sababu ya bangili ya nyoka mkononi. De Chirico alilichora mfululizo miaka ya 1912 na 1913. Picha mbili kubwa za mwaka 1913 ziko Metropolitan Museum, New York, na Philadelphia Museum of Art, kila moja ikiwa na upana wa takriban mita 1.80. Zitazame kwa karibu: mikunjo ya vazi, ambayo mchongaji Mrumi aliihangaikia kweli, de Chirico ameipunguza ikawa mifereji michache. Uso nao kauacha karibu mtupu.

Nimejaribu kuchora uwanja wa namna hii mara kadhaa kwa akriliki. Matokeo yanafanana na kadi ya watalii. Nakosea wapi? (Mwanafunzi wa sanaa, Bagamoyo)

Bila shaka pespektivu yako (namna mistari inavyokutana kuonyesha umbali) ni sahihi mno, na vivuli vyako ni vifupi na laini mno. Chukua kanvasi ya sentimita 60 kwa 80, ilale kwa upana, ufuate haya.

Mstari wa upeo wa macho uuweke juu, kwenye theluthi ya juu ya kanvasi. Ardhi itainuka, kila kitakachosimama juu yake kitaonekana kama kinateleza kuja kwako. Kisha chora majengo mawili yenye matao, moja kila upande. Mistari ya jengo la kushoto ikutane kwenye nukta iliyo juu ya upeo wa macho. Mistari ya jengo la kulia ikutane sentimita 10 chini ya upeo, ndani ya ardhi. Kitako cha sanamu kipe nukta yake ya tatu. Kila jengo likitazamwa peke yake halina kosa. Yakitazamwa pamoja, mtazamaji hapati mahali pa kusimama. Wengi hufanya kinyume: wanapinda jengo lenyewe, na mtu anaona tu kwamba mchoraji hajui rula.

Sasa vivuli. Urefu wa kivuli unategemea kimo cha jua, na hesabu yake ni fupi: jua likiwa nyuzi 45, kivuli ni sawa na urefu wa kitu, nyuzi 30, mara 1.7, nyuzi 20, mara 2.7, nyuzi 15, mara 3.7, nyuzi 10, mara 5.7. Jua likiwa ubavuni kabisa mwa picha, uwiano huo unautumia moja kwa moja kwenye kanvasi. Sanamu la sentimita 12 kwa jua la nyuzi 15 linatoa kivuli cha sentimita 44, zaidi ya nusu ya upana wa picha yako. Usiogope, ndivyo inavyotakiwa. Ukitaka kuongeza wasiwasi, weka saa ya ukutani inayopingana na jua: katika picha yake ya mwanzo kuhusu saa, akrabu zinaonyesha saa tisa kasoro dakika tano huku vivuli vikiwa vya jua lililokwisha shuka. Na kivuli kimoja kiingie kutoka nje ya picha, bila mwenyewe kuonekana.

Rangi ya kivuli isiwe nyeusi ya kwenye tyubu. Nyeusi tupu hutoboa shimo kwenye ardhi. Changanya kahawia nzito na kijani cha viridian, utengeneze ya kutosha kivuli chote kwa mara moja, upake toni moja toka mwanzo hadi mwisho. Kisififie kikienda mbali. Kingo zikate kwa utepe wa karatasi wa mafundi rangi, na kabla ya kupaka kivuli pitisha rangi ya ardhi juu ya ukingo wa utepe na uache ikauke. Usipofanya hivyo, rangi ya kivuli itapenya chini ya utepe na ukingo utaota meno.

Anga ni kijani cheusicheusi juu, ikishuka hadi njano ya ocher kwenye upeo. Kwa joto la pwani akriliki inakauka kabla hujamaliza kuchanganya na anga inabaki na mistari. Fanya kazi asubuhi mapema, zima feni, nyunyizia kanvasi maji kidogo, tumia brashi pana tatu, moja kwa kila rangi, ili usisimame kuosha. Ikikauka katikati usiisugue tena: utainua rangi ya chini. Subiri ikauke yote, rudia safu ya pili.

Sanamu lenyewe liwe na pande mbili tu, ya mwanga na ya kivuli, na mstari mwembamba mweusi kuzunguka umbo. Usilichore nyufa, usiliotee majani. Na vitu visizidi vitatu au vinne. De Chirico mwaka 1913 alichora kiwiliwili cha plasta cha Aphrodite kando ya shada la ndizi, akaongeza matao na treni, basi. Picha hiyo iko Tate, London, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba ni tupu.

Sina kanvasi, nina simu. Vivuli hivyo naweza kuvipata Dar? (Msomaji, Kinondoni)

Nje unaweza, ila una dakika chache. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, kiasi cha nyuzi 15 kwa saa. Kutoka kivuli cha mara 2.7 hadi cha mara 5.7 unapata kama dakika 40 tu, kuanzia takriban saa moja na dakika 20 kabla ya machweo. Florence katika vuli jua hushuka kwa mshazari, kama nyuzi 11 kwa saa.

Mezani ni rahisi zaidi. Kata matao kwenye kadibodi, weka sanamu dogo, tumia tochi moja ya LED. Iweke mita 2 kutoka kwa sanamu na sentimita 54 juu ya usawa wa meza. Hapo unapata nyuzi 15. Ukiisogeza karibu, vivuli vitatawanyika kama vidole na mtu atajua ni taa. Zima taa nyingine zote. Zima pia HDR ya simu, maana kazi yake ni kung'arisha vivuli, na wewe unavitaka vizito.

Mimi ni fundi wa dari za jipsamu. Unga tunaotumia unaweza kutengeneza kichwa kama cha Apollo? (Fundi, Mwanza)

Fundi, unga wa P.O.P. (plaster of Paris) wa kumiminia mapambo ya kona unafaa. Ule wa kuzibia maungio ya bodi haufai: aina nyingi hukauka kwa kupoteza maji, hazigandi, kwa hiyo ukimiminwa kwa unene hujikunja na kupasuka.

Kichwa cha mfano finyanga kwa udongo au chapisha kwa printa ya 3D. Skani za plasta za sanamu za kale zinapatikana bure, zikiwemo za Statens Museum for Kunst la Copenhagen. Kalibu ya silikoni ya kundi la bati huvumilia karibu udongo wowote. Ile ya kundi la platinamu ikigusa udongo wenye salfa haigandi, inabaki kunata daima, na silikoni ni ghali. Jaribu kidogo pembeni kwanza. Kama kichwa kina mapango ya kina, puani, masikioni na kwenye nywele, gawa kalibu vipande viwili na uivalishe ganda la plasta kwa nje, la sivyo itatanuka kwa uzito na Apollo atavimba mashavu.

Pima ujazo wa kalibu kwa maji, kisha ikaushe. Kilo 1 ya unga kwa mililita 700 za maji inatoa zaidi kidogo ya lita 1. Nyunyiza unga juu ya maji, kamwe si maji juu ya unga. Uache ulowe dakika 1 hadi 2 bila kuugusa, kisha koroga polepole kwa dakika 2, mkono uliovaa glavu ukiwa chini ya uso wa maji. Kukoroga kwa nguvu kunaingiza hewa, na kila tone la hewa litakuwa tundu kwenye ncha ya pua. Mimina uji kidogo, zungusha kalibu ili uji uguse kuta zote, mwaga, ndipo umimine wote kwa uzi mwembamba kutoka kona moja. Gongagonga.

Plasta itapata joto, halafu itapoa. Fungua ikishapoa, kwa kawaida kama saa moja. Usiruhusu mtu yeyote, hasa mtoto, kuzamisha mkono kwenye plasta nzito inayoganda, kwani joto lake linaweza kuunguza ngozi vibaya. Vaa barakoa unapopima unga. Mabaki yasiende kwenye sinki.

Ikiganda haraka mno, ndoo ilikuwa na mabaki ya jana. Chembe zilizokwisha ganda huharakisha mchanganyiko mpya. Ikiwa laini ya kumeguka, unga ni wa zamani umenyonya unyevu, au maji yalizidi, au uliongeza maji baada ya kuona inaanza kuganda. Hilo la mwisho ndilo kosa la kila siku.

Kukausha kunachukua wiki au zaidi karibu na ziwa. Kigusishe shavuni: kikiwa bado cha baridi, kina maji. Usikiweke kwenye joto la zaidi ya nyuzi 45, uso utageuka unga. Kikikauka, paka gundi nyeupe ya seremala sehemu 1 kwa maji sehemu 5, ndipo rangi. Ukipaka rangi kabla, itabanduka kwa maganda.

Nimeonyeshwa picha ya de Chirico yenye tarehe 1914, bei nafuu. Ninunue? (Msomaji, Doha)

Ndugu, tarehe kwenye kanvasi ya de Chirico haithibitishi chochote, hata sahihi ikiwa yake. Alirudia picha zake za zamani na nyingine akaziandika tarehe za nyuma. Picha yake ya Muse (miungu wa kike wa sanaa) wenye vichwa vya midoli ya washonaji, aliyoianza Ferrara, aliirudia angalau mara 18 kati ya 1945 na 1962. Omba hati kutoka Fondazione Giorgio e Isa de Chirico ya Roma, na uchunguzi wa rangi katika maabara. Rangi ya bluu au kijani ya phthalo haikuuzwa kabla ya 1935. Ikionekana kwenye rangi ya asili ya picha, 1914 imekufa. Muuzaji akikataa uchunguzi, mwachie picha yake.

Jengo la matao la mtaa wa EUR hapa Roma linafanana kabisa na picha zake. Alikuwa mchoraji wa Mussolini? Na nione nini kwanza? (Msomaji, Roma)

Angalia miaka, dada. Picha za viwanja ni za 1910 hadi mwisho wa muongo ule. Mussolini, dikteta wa Italia, alishika madaraka Oktoba 1922. Jengo hilo, Palazzo della Civiltà Italiana, lilianza kubuniwa mwaka 1937. Ni wasanifu waliotumia sura ambayo wachoraji walikwisha izoesha macho. Hata hivyo hisia zake si sawa. Jengo lina matao 9 kwa 6 kila upande, jumla 216, yote sawasawa na yote yakikutana mahali pake. Hakuna tao la de Chirico lenye nidhamu hiyo.

Kwa matembezi, nenda kwanza Vatican umwone Apollo katika ua wa pembe nane, uzunguke nyuma utazame ile nguzo ya kaboni. Ariadne yuko Galleria delle Statue katika makumbusho hayohayo, lakini ukumbi huo mara nyingi hufungwa, ulizia mlangoni kabla hujalipa. Kisha Piazza di Spagna namba 31, nyumba aliyoishi de Chirico tangu 1948 hadi alipofariki 1978. Kuingia ni kwa miadi.